Tuisheni ya Presha

Siku yangu ya kwanza kazini niliogopa lifti. Ofisi ya kampuni ya bima ilikuwa ghorofa za juu katikati ya jiji, na lifti ile ilikuwa na tabia ya kusita kabla ya kufungua mlango, kana kwamba inatafakari iwapo unastahili. Meneja wa Ustawi, mama mfupi mwenye sauti ya kanisani, alitazama cheti changu cha chuo kikuu, kisha akanitazama mimi.

"Hii falsafa inatibu nini?"

"Haitibu kitu, madam."

"Vizuri. Hata sisi hatutibu mtu. Tunawalipa wazima ndio wabaki wazima."

Kazi yenyewe ilikuwa hiyo, kwa nyinyi mnaoingia sasa na kukuta kila kitu kimo kwenye simu. Mwanachama akitembea, akipunguza uzito, akija kupimwa, anapata pointi. Pointi zikitosha, mchango wake wa mwaka unapunguzwa na anapewa vocha ya supamaketi. Matokeo ya vipimo tuliyagawa kwa rangi: kijani ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Kijani ndiyo iliyokuwa na pointi nyingi zaidi. Mwenye nyekundu alipigiwa simu, na mpigaji nilikuwa mimi. Kwa ufupi, niliajiriwa kuwatisha watu kwa upole.

Sitasema mpango ule haukusaidia. Fundi mmoja wa magari alikuja kwa ajili ya vocha tu, akagundua sukari yake iko juu na hakuwa na habari. Yuko hai mpaka leo, na bado ananitukana kwa kumnyang'anya soda. Lakini nilichozoea zaidi kwenye simu kilikuwa ni hofu. "Mmeniandika nyekundu? Sasa mtanitoa kwa bima?" Niliwaambia hatumtoi mtu. Hawakuniamini, na nikikata simu nilikuwa naogopa pia, kwa sababu hakuna aliyewahi kunionyesha mahali ahadi hiyo ilipoandikwa.

Baada ya miaka mingi kwenye simu nilihamishiwa hema za upimaji, chini ya Msimamizi wa Kanda, bwana aliyependa suti na rangi ya kijani kwa kiwango kimoja. Alinipa eneo la Woodley, ambako tulipima katika uwanja wa kanisa. Matokeo ya Woodley yalikuwa ya ajabu. Mtaa wenye wazee wengi kiasi kile, na karibu wote kijani! Nilipongezwa mbele ya wenzangu. Nikaanza kujiona daktari.

Mwaka uliofuata nilifika jioni ya kuamkia upimaji ili nisimamishe hema. Ndani ya ukumbi wa kanisa kulikuwa na watu wamekaa kwenye viti kwa safu, na mbele yao Mwalimu Kariuki, mwalimu mkuu mstaafu, amesimama na chaki.

"Kesho chumvi?"

"Hapana!" wakajibu kwa pamoja.

"Ugali ya usiku?"

"Hapana!"

"Na mwenye presha kichwa ngumu?"

"Anameza dawa mbili!" akapaza mzee mmoja wa nyuma, na ukumbi mzima ukacheka.

Niliingia. "Mwalimu, huu si mtihani. Tunataka kujua hali yenu ya kweli."

"Kijana," aliniambia, ingawa nilikuwa na mvi, "kitu chochote chenye zawadi kwa waliofaulu ni mtihani. Mimi nimesimamia mingi. Kwani wewe ulisoma bila tuisheni?"

Nilisoma kwa tuisheni. Nikaenda kusimamisha hema langu. Kisha nilirudi nyumbani, mtaa jirani wa Jamhuri.

Kesho yake Mama Nekesa, mshonaji wa sare za shule, alikaa mbele ya mashine ya presha. Kwa muda mrefu alikuwa mwanamke wa njano. Mashine ikalia, kijani ikawaka. Wenzake wakapiga makofi. Akasimama kuwapungia mkono, macho yakageuka, akaanguka juu ya meza yetu ya maji.

"Mlazeni! Miguu juu!" muuguzi akapiga kelele. "Mama, umemeza nini?"

Midomo yake ilikuwa ya majivu. "Dawa zangu... na za jirani, Mama Wambui."

"Na umekula?"

"Tangu jana sijagusa kitu."

Mwalimu Kariuki alipiga magoti, amemshikia viatu. Hakuviachia mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Mashine ilikuwa bado inaonyesha kijani.

Mama Nekesa alipona. Nilipanda kwa Meneja wa Ustawi nikamwomba tulipe watu kwa kuja kupimwa, si kwa kufaulu.

"Na bodi ikiniuliza tunanunua nini kwa pesa hizo?" alisema. Akainuka, akafunga mlango. "Hata mimi, wiki ya kupimwa, nakunywa maji tu."

Niliteremka kwa ngazi. Kama yeye alikuwa anatuogopa, nani alikuwa akituambia ukweli?

Baadaye nilistaafu mapema. Hayo ni maneno ya kampuni. Mke wangu anasema niliachwa. Siku hizi nakaa nyumbani nikiandika makala ambazo watoto wangu huzisifu bila kuzisoma. Ninachofikiria zaidi ni wale wa kijani tuliowapongeza na kuwarudisha nyumbani, na ugonjwa wao ukiwa ndani, bila mtu wa kuuliza tena.

Wiki iliyopita nilimkuta Mama Nekesa kwenye maduka ya Adams Arcade, amesimama nje ya duka la dawa, haingii. Nikamuuliza afya.

"Unaniuliza kama nani?" akasema. "Kama jirani ama kama kampuni?"

"Kampuni tulishaachana, Mama Nekesa. Ni mimi tu, jirani."

Alinikagua uso. Kisha akaweka kikapu chini.

"Basi huu mkono umekufa ganzi tangu asubuhi. Sindano imenishinda kushika. Usiambie mtu."

Nilisimamisha teksi ya kwanza. Njia nzima kwenda hospitali nilimwomba aendelee kuongea, aongee chochote, na nikasikiliza kila neno kwa hofu ya kiharusi, kama linatoka sawasawa.