Lori la Kijiji Lililolia Kona ya Kushoto

Enzi zetu pale Rhotia palikuwa na lori moja tu, la kijiji, na hakuna mtoto aliyehitaji kuliona ili ajue limefika wapi. Likipanda kilima cha kanisa lilikohoa. Likibadilishwa gia mbele ya duka lilisaga meno. Tulikuwa tukicheza rede, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, mmoja aseme "limebeba mahindi," mwingine abishe "wewe, hayo ni maharage," na mara nyingi tulipatia. Watoto wa siku hizi wanayajua magari kwa majina. Sisi letu tulilijua kama unavyomjua mama yako kwa hatua zake jikoni.

Dereva alikuwa baba yangu. Mtu mkimya, na ukimya wake niliurithi mzima mzima. Darasani nikiulizwa swali nilijibu moyoni. Ndiyo maana nilipoingia sekondari nilianza kuandika, kurasa za nyuma za daftari la Jiografia, maneno yote ambayo mdomo ulikuwa umeyakataa.

Likizo ya katikati ya mwaka, nikiwa kidato cha pili, lori lilianza mlio mpya. Ko! Kama bua kavu la mahindi likivunjwa kwenye goti. Lililia likiwa na mzigo tu, tena likikata kona ya kushoto. Baba aliusikia akitoka Endabash na shehena, akarudi nalo nyumbani kwa mwendo wa ng'ombe. Akamwita Fundi Ndesario, Mchaga mmoja aliyekuwa na gereji ya nguzo nne na jeki moja pale Karatu. Fundi akapaka grisi kila palipotaka grisi, akatikisa magurudumu, wakazunguka nalo uwanja wa shule mara sita. Kimya. Lori tupu lilikuwa na adabu kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

"Gari zima hili, dereva," fundi akasema akijifuta mikono. "Labda ni masikio."

"Masikio yangu hayajanidanganya bado. Siteremki nalo."

Kuteremka, kwetu, ni ule mteremko wa kwenda Mto wa Mbu. Kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine ziwa linang'aa chini kabisa utadhani bati. Na enzi hizo barabara ilikuwa changarawe tupu. Maharage yalijaa ghalani yakingoja kwenda Arusha, na lori ndilo lingerudi na sabuni, chumvi na sukari, vitu ambavyo mwaka ule tulivijua kwa jina tu. Mama alikuwa anafulia majivu. Juu ya magunia ya maharage tungekaa sisi wanafunzi wa bweni, maana Jumatatu shule zilikuwa zinafunguliwa.

Ijumaa mwenyekiti wa kijiji alikuja nyumbani. Hakukaa.

"Baba Paskalina, Jumatatu lori linashuka. Kama mteremko umekushinda, sema. Kuna kijana wa Endabash ananiomba funguo kila siku."

Kesho yake, kwenye foleni ya maji, habari ilishafika. "Jamani, baba yake Paskalina akiona kona tumbo linamkata!" Nikajitwisha ndoo yangu nikaondoka. Nilipofika nyumbani nikaandika sentensi moja ambayo ipo mpaka leo: *Baba ni mwoga.* Niliiandika kwa kalamu ya wino. Nisiwadanganye, niliiamini.

Jumapili, ibada ilipokwisha na kabla katekista hajasoma matangazo, baba alisimama. Kanisa zima likageuka. Sikuwahi kumsikia akisema mbele za watu hata kuomba maji. Nikatazama sakafu.

"Ndugu zangu, gari linalia likiwa na mzigo. Kupakia magunia na kuyashusha ni kazi ya siku mbili. Ninyi mnajipakia wenyewe. Naomba mpande."

Watu wakacheka. Bibi Theresia, ambaye hakuna mlango uliomfurahia, akauliza kwa sauti, "Mimi nitahesabiwa gunia moja au mawili?"

"Mawili, bibi. Kaa mbele kabisa."

Basi kanisa likapanda lori. Kwaya, wazee na fimbo zao, akina mama na watoto mgongoni, mpaka springi zikalala. Mwenyekiti hakupanda. Alisimama kando na kaunda suti yake, mikono nyuma. Fundi Ndesario naye aliitwa, akaja na uso wa mtu aliyekatizwa chai. Baba akavua koti, akalala chali, akaingia chini. Kisha nikasikia sauti yake: "Paskalina. Mama, njoo ushike usukani."

Walikuwapo wavulana ishirini ambao wangepigana ili wakalie kile kiti. Nilipanda, nikaushika kwa mikono miwili.

"Injini imezimwa," baba akasema kutoka chini. "Mkono wangu utakuwa kwenye vyuma. Nikisema geuza, geuza polepole. Nikisema basi, hapohapo."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakuwaita wavulana.

"Nyamazeni!" akafoka katekista, na watu wakanyamaza kweli, hata watoto. Nilisikia mbuzi akitafuna ng'ambo ya barabara.

"Kulia." Usukani ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, niliuvuta kwa mikono na kifua. Kimya. "Kushoto." Ko! Niliusikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Lori zima likaguna.

"Springi hiyo," fundi akasema, amepiga magoti.

"Siyo. Nimeishika, haijaruka. Rudia, mama."

Nikarudia. Kila alipogusa pasiporuka alisema "siyo," mkono ukahama. Mara ya tano au ya sita, ko! na baba akatoa ukelele mfupi. Nikaushikilia usukani hapohapo. Halafu nikamsikia anacheka.

"Nimelipata. Limeniuma."

Lilikuwa boksi la usukani lenyewe, pale linapofungwa kwenye chesisi, ile fremu ya chini ya lori. Bolti mbili kati ya nne zilikatika ndani kwa ndani, vichwa vikashikwa na kutu na tope, kwa hiyo ukitazama unaona zote zipo. Gari likiwa tupu boksi linatulia. Likilemewa, ukikata kushoto, linainuka na kugonga chuma. Safari hii kidole cha baba kilikuwa katikati.

Mwenyekiti akavua kofia, akatambaa chini na suti yake. Alikaa kule muda. Alipotoka amejaa vumbi na grisi, aliwatazama watu walivyosheheni juu ya lori, akina mama, watoto, Bibi Theresia.

"Shukeni," akasema. "Polepole. Msiruke." Kisha kwa baba, kwa sauti ya chini: "Baba Paskalina, Jumatatu hawa wanafunzi..."

"Tafuta tu bolti," baba akasema.

Bolti zilichukua siku nne. Tulifika shule tumechelewa, tukachapwa, na mimi nilitoa mkono nikitabasamu, nikaongezwa kiboko kimoja. Ile sentensi sikuifuta. Chini yake niliandika: *Amenikabidhi mkono wake.*

Siku hizi mteremko ni lami. Mtoto wa kaka yangu anaendesha watalii kwenda Ngorongoro, na gari lake likiumwa linachomekwa kompyuta, linajieleza lenyewe. Likilia kidogo, anaongeza redio. Kijana mzuri, analiosha gari kuliko anavyooga. Nikimsimulia kwamba kanisa zima lilipanda lori likanyamaza ili mtu mmoja asikilize, anacheka: "Shangazi, siku hizi nani angekubali kunyamaza?"

Baba ametangulia. Ukucha wa kidole kile uliota umepinda, akazikwa nao. Nikishuka na kijana Mto wa Mbu, kona ya kwanza ya kushoto huwa nanyoosha mkono nazima redio.

"Kuna nini, shangazi?"

"Kata kona."

Anakata. Nasikiliza mpaka barabara inyooke, ndipo namrudishia muziki wake.