Uwanja Uliofagiliwa Hadi Msingini

Viwanja vyetu vya Ntalikwa vilipimwa wakati wa kiangazi, na kila aliyeona vigingi vyake alifurahi, nikiwamo mimi. Hakuna aliyeuliza maji yatapita wapi. Mvua ya kwanza iliposhuka ndipo tulipojua kwamba barabara iliyochongwa na greda ilikuwa mto, na kwamba kiwanja changu kiko chini ya vyote.

Nilimchukia jirani wa juu. Maji ya bati lake yalimwagika kwangu, yakapita kando ya chumba cha mama, na kila msimu msingi wa kona ile ulizidi kuonekana. Mama nilimtoa kijijini kwetu Choma mwenyewe, nikamwahidi chumba kisichovuja, chenye dirisha linalopata jua la asubuhi. Kila mvua ilipoanza nilifikiria kona ile ikianguka naye yumo ndani.

Basi nikagombana na jirani mpaka nikaishiwa maneno. Nikampeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Yule bwana, Mungu amzidishie subira, alichimba mtaro, akaujengea kwa mawe, akayaelekeza maji yake barabarani, wala hakuningoja nimshukuru. Msimu uliofuata kona yangu ikaliwa vilevile.

Nikamwita fundi. Alizunguka nyumba mara moja, akasugua udongo kwa soli ya kiatu, akaniuliza, "Hapa anafagia nani?"

"Mama."

"Kila siku?"

Kila siku, tena kabla jua halijatoka. Alimnyang'anya mke wangu fagio wiki ile ile aliyofika. Hufagia mpaka mistari ibaki mchangani, hung'oa kila jani linalochomoza, kisha husukuma takataka na vumbi lake hadi nje ya uzio. Wageni husifu. Hata mimi nilikuwa nikisifu.

"Udongo umelegezwa na hauna jani la kuushika," fundi akasema. "Mvua inayotoka kwenye bati lako mwenyewe inatosha kuumaliza. Weka mfereji batini, panda ukoka, na fagio lipumzike."

Nyani haoni kundule. Miaka mitatu nimemkosesha raha mtu wa watu.

Mfereji nikaweka, ukoka nikapanda. Siku ya nne sikuuona. "Nimewaondolea makazi ya nyoka," mama akaniambia, akingoja nimpongeze. Nikapanda tena, nikauzungushia miiba. Akaiondoa miiba ili apate pa kufagia. Nilitamani kulia kwa hasira, na sikuwa na wa kumkasirikia.

"Mwambie," mke wangu akasema. "Ni mama yako."

Rahisi kusema. Mama amelelewa akijua kwamba uwanja wenye majani ni wa mvivu, au wa nyumba iliyohamwa. Utamwambiaje kwamba usafi wake ndio unaobomoa nyumba ya mwanawe? Mimi huyu, niliyemfokea jirani mbele ya mtaa mzima, nilimwendea mama mara tatu kwa nia ya kumweleza, na mara zote tatu nikaishia kumuuliza kama amekunywa uji.

Mwezi wa pili ukuta ukapasuka kuanzia dirishani hadi chini, ufa wa kuingia vidole viwili. Tukaamua kumhamishia sebuleni. Kabla hatujabeba godoro lake, mama aliupapasa ule ufa taratibu, kisha akanigeukia.

"Baba, ni yale maji ya jirani?"

Mke wangu alikuwa ameshika upande mwingine wa godoro, ananitazama.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa mlangoni jirani alipopita njiani. Akasimama kwenye uzio, akamwamkia kwa heshima kama kawaida yake, "Shikamoo, mama." Mama hakuitikia. Aliendelea kufagia, amempa mgongo. Jirani akanitazama mimi, nikageuka nikaingia ndani.