Kidonge cha Daku

Rushdi, fundi wa kuchonga makochi mjini Dumyati, alikuwa amelala kifua wazi, vibandiko viwili vya umeme vimemganda kifuani. Skrini ya pembeni ilichora mapigo ya moyo wake kama mwandiko wa mtu aliyeshtuliwa usingizini. Tangu mwezi wa Rajabu moyo ulikuwa ukienda hivyo, mara mbio, mara kusuasua, hata patasi ikaanza kutetemeka mkononi mwake. Vidonge vya kuurudisha kwenye mwendo wake vilishindwa. Ulibaki umeme: alazwe usingizi, apigwe mshtuko, moyo utulie kidogo kisha uanze upya.

Nesi alimtania kwamba wagonjwa wengine hubembelezwa waje na tumbo tupu, yeye Ramadhani imemleta tayari. Rushdi alijaribu kucheka.

Mkewe, Insaf, alikuwa amesimama mlangoni, ameikumbatia kanzu ya mumewe.

"Haji Rushdi," aliuliza Daktari Mervat, "dawa ya kuzuia damu kuganda hukuiruka hata mara moja?"

"Hajairuka," alidakia Insaf. "Kimoja kwa futari, kimoja kwa daku. Namwekea mwenyewe."

Kweli alimwekea. Kila alfajiri alimwamsha, akamwachia sahani ya maharage, mtindi na kidonge, akarudi jikoni. Lakini Rushdi alikuwa mzito wa kuamka, na kuna siku adhana ilimkuta kidonge kingali kiganjani. Funda moja tu la maji lingeharibu saumu, naye hakuwahi kula mchana wa Ramadhani tangu utoto. Alikitia mfukoni, na Insaf alipouliza, akasema amemeza.

Daktari alishamweleza: moyo unaokwenda ovyo huacha damu ituame pembeni, damu iliyotuama huganda, na siku moyo ukirudishiwa nguvu, donge hung'oka likapanda kichwani. Akisema, atarudishwa nyumbani na mtetemo wake, na Insaf ataumbuka mbele za watu. Asiposema, huenda asiamke, au aamke hana ulimi.

Mtaalamu wa usingizi alishika sindano.

"Subiri," alisema Rushdi, macho darini. "Vya daku vingine sikumeza. Adhana ilinikuta."



Sindano ikawekwa chini. Walimpulizia koo dawa ya ganzi, wakampitishia humo mpira mwembamba wa kuutazama moyo kutokea nyuma. Daktari Mervat aliikazia macho picha kwa muda mrefu, kisha akawageuzia skrini. Kwenye kona ya moyo kilining'inia kitu mfano wa punje ya haragwe, kikiyumba.

"Tungewasha umeme," alisema, "saa hizi kingekuwa kwenye ubongo."

Umeme hakuna leo. Ameze dawa wiki kadhaa bila kuruka, ndipo wapime tena. Na aanze sasa.

"Sasa ni mchana, Daktari."

"Najua. Mimi pia nimefunga. Ila wewe hukuruhusiwa kufunga tangu mwanzo."

Walimtoa akasubiri ukumbini, ambako benchi zilijaa watu waliofunga, midomo imewakauka. Ganzi ilipomtoka kooni, Insaf alimjia na kidonge na bilauri ya maji.

"Mama Hazim, watu wanatutazama," Rushdi alimnong'oneza mkewe.

"Na watazame. Mjane ningekuwa mimi, si wao. Fungua mdomo."

Akameza. Maji yakamshuka baridi, yanauma.

"Ulimi," alisema Insaf.

Fundi Rushdi, mvi kichwa kizima, akautoa ulimi mbele ya ukumbi mzima, na mkewe akainama kuukagua.