Mianzi Miwili, Jibu Moja

Wasomaji wangu, nilitoka chuoni nimeapa kwamba udanganyifu hautaingia darasani mwangu. Juzi, hapa Mbalizi, nililaza mianzi miwili uwanjani, ikakatana, wanafunzi wanne wakapima pembe nne. Atupele na Tuntufye, waliochuchumaa wakitazamana, wakaleta jibu moja: nyuzi sabini.

“Nani kamwangalizia mwenzake?”

Sikungoja majibu ya wengine. Nikawarudisha wote darasani, nikamwita Mwalimu Mkuu, nikahubiri uaminifu mpaka Tuntufye akalia. Mwalimu Mkuu akaagiza fimbo.

“Shikamoo, Mwalimu Mkuu,” akasema Atupele. “Kabla hatujachapwa, naomba usome ubao.”

Tukageuka sote. Mwandiko ulikuwa wangu, wa asubuhi ileile, umepigiwa mstari mara mbili: Mistari miwili ikikatana, pembe zinazotazamana hulingana.