Awajengea Wanaanga Vitanda, Mama Yake Alala Sakafuni

Saa mbili asubuhi, fundi seremala anapiga goti katika chumba cha nahodha, anapenyeza ncha ya mtaimbo chini ya kitanda na kukandamiza. Mbao inalia, lakini haitoki. Anajaribu tena, jasho likimchuruzika hadi kwenye nyusi.

Chombo hiki cha angani hakijawahi kwenda popote. Kimekaa miaka mitatu ndani ya ghala la bati, kikipigwa picha za tamthilia ya televisheni. Vyumba vyote kumi na viwili vya kulala amevijenga yeye: vitanda vya ukutani, makabati ya kuteleza, madirisha ya duara yenye kitambaa cheusi kilichotobolewa matundu ya nyota. Kila chumba kina kuta tatu. Upande wa nne ni wa kamera.

Tamthilia imekwisha, na leo vyote vinabomolewa.

"Ukisimama mbele utasema hapa panakalika," anasema. "Njoo nyuma sasa uone." Nyuma ni mbao zisizopigwa randa na namba za chaki.

Wenzake humwita Kapteni, kwa utani. Ana miaka hamsini na mitatu, na kumi na minne kati ya hiyo ameimaliza katika kazi hii, kibarua wa kutwa hadi leo. Nyumbani ana chumba kimoja, yeye na mkewe, watoto watatu na mama yake mzazi. Kinazidi cha nahodha kwa hatua moja tu, na nahodha alikuwa akilala peke yake.

Mama ana miaka sabini na sita na magoti yamemwangusha. Analala kwenye godoro sakafuni, na kila asubuhi wanahitajika watu wawili kumnyanyua.

Ndiyo maana fundi alipopewa mchoro wa kitanda cha nahodha usioonyesha kimo, alikwenda kukitafuta kimo nyumbani. Alimkalisha mama juu ya vipande vya mbao, akiongeza kimoja kimoja, mpaka akaweza kusimama bila kushikwa. Sentimita arobaini na nne.

"Nilijua tamthilia itaisha tu," anasema. "Nikajisemea, wakimaliza shida zao, hiki kinakwenda kwa mama."

Alimwomba msimamizi, naye akamjibu kwamba kitanda ni chake, achukue. Jibu lilikuwa la mdomo tu, na fundi wa watu akaenda mbio kumwambia mama. Hapo ndipo alipokosea, na analijua. Mama akaanza kushona shuka la kipimo cha kitanda hicho, na kila jioni akawa anauliza, "Chombo chako kinatua lini?" Nyumba nzima ikawa inaangua kicheko.

Juzi likaja agizo kutoka ofisini: kisitoke kipande kikiwa kizima. Wenye tamthilia hawataki vitu vyao vionekane katika kazi ya mtu mwingine.

"Niliwauliza, huyu bibi atakipeleka kwenye tamthilia gani?" Anatema mate pembeni.

Kazi ya kuvunja akapewa yeye, kwa kuwa ndiye anayejua viungo vyake. Katika ghala hili seremala hujenga vitu vya kubomoka: skrubu chache, basi. Kitanda hiki pekee alikichongea ndimi za mbao zikaingia kwenye matundu yake, akatia gundi, kwa sababu hakuwa akimtengenezea nahodha. Sasa uimara huo unamtesa mwenyewe.

Msimamizi anapita, anatazama saa.

"Kapteni, vyumba vya wenzako vimekwisha zamani. Nani alikutuma utengeneze kitanda cha maisha?"

"Mama," anajibu bila kuinua kichwa.

Msimamizi anacheka, akidhani ni mzaha. Mtu aliyetoa ahadi na kuimeza angeweza walau kunyamaza.

Saa sita kasorobo mguu wa mwisho unapasuka. Kwa miaka yote mitatu, mwigizaji wa nahodha hakuwahi kukilalia kitanda hicho dakika tano mfululizo.

Nyumbani, mama amekaa mlangoni juu ya ndoo iliyofunikwa, shuka likiwa mapajani. Anaitazama mikono mitupu ya mwanawe.

"Kimeanguka njiani?"

"Nimekivunja, mama. Kwa mikono hii."

Bibi analikunja shuka polepole, pembe kwa pembe. Hakuna anayecheka.

"Na kipimo changu nacho wamekivunja?"

"Hicho ninacho."

"Basi usinililie."

Wiki ijayo fundi anaanza chombo kingine, vitanda thelathini vya wanaanga, ghala lilelile. Hawezi kukataa, watoto wanasoma. Lakini Jumapili, siku yake pekee ya kupumzika, ameitengea kazi nyingine. Mbao za makreti kutoka sokoni ameshazisimamisha nyuma ya mlango.

"Safari hii anza na mimi," mama anamwambia. "Hao wa angani hawana haraka. Hata usingizi hawana."

Fundi anapanga vipande vya mbao hadi sentimita arobaini na nne, anamkalisha mama na kumwachia. Mama anajikaza, hainuki. Katika miaka hiyo mitatu magoti yamezidi kukaza. Fundi anaongeza kipande, kisha kingine.

Kwenye arobaini na nane, mama anasimama mwenyewe. Fundi anachomoa penseli sikioni na kuiandika namba hiyo ukutani.