Friza ya Tenin Koné na usingizi wa mtani wake

Saa nane mchana, mtaa wa Lafiabougou jijini Bamako umelala. Jua la mwezi wa nne limewasukuma watu wote ndani, na mbuzi wamejibana kwenye ukanda wa kivuli chini ya ukuta. Katika nyumba hii ya wapangaji aliye macho ni mmoja tu. Tenin Koné ameinua kifuniko cha friza, ubaridi unampanda usoni, naye anafumba macho kidogo kabla ya kuanza kupanga vifuko vya juisi.

Anavipanga polepole, kama anayelaza watoto. Vya choya upande huu, vya tangawizi upande ule, na chini kabisa mabonge ya barafu ambayo majirani watayagombania jioni. Kisha anashusha kifuniko na kutega sikio. Friza inanguruma kwa upole. Ukisogea hatua chache huisikii tena.

"Zamani ungeisikia kutoka barabarani," anasema. "Mteja mgeni sikumwelekeza nyumba. Nilimwambia afuate kelele."

Kelele yenyewe haikuwa ya mchezo. Friza aliinunua kwa mtu, ikiwa imeshatumika, mwaka aliofiwa na mume, nayo ndiyo iliyomlea yeye na mabinti zake. Lakini mipira inayobeba kompresa ilikauka kwa joto la Bamako. Kila mashine ilipowaka ilitetemeka, ikagonga, ikatulia, ikaanza upya. Fundi mmoja alitaka kubadilisha kompresa nzima, kwa bei iliyokaribia ya friza nyingine. Tenin alimshukuru, akampa kifuko cha tangawizi, wakaagana.

Na ukweli ni kwamba hakuwa na haraka. Alizaliwa Toukoto, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, baba yake akiwa mshika bendera wa stesheni. Utoto wake wote treni zilipita nyuma ya kitanda. Basi kila alipojilaza kando ya friza nayo ikaanza kugonga, alisafiri. Aliyaona madirisha yenye taa yakipita, akauona mkono wa baba na bendera yake, akasikia hata harufu ya mafuta ya injini.

"Nilikuwa nalala Lafiabougou, naamkia Toukoto," anasema. "Nani angetaka kuitengeneza?"

Aliyetaka alikuwa upande wa pili wa ukuta. Zoumana Traoré ni mlinzi wa usiku kwenye ghala la vitambaa. Hurudi alfajiri akalala mchana, na kitanda chake kiliegemea ukuta uleule ulioegemewa na friza. Alianza kulalamika tangu wiki aliyohamia.

Shida ni jina lake. Ukoo wa Koné na ukoo wa Traoré ni watani tangu enzi za mababu. Traoré akimtukana Koné watu hucheka, na Koné akinuna, yeye ndiye mwenye makosa. Kwa hiyo Zoumana aliposema hajalala, nyumba nzima iliangua kicheko. Aliposema friza ile itamuua, Tenin alimjibu kwa tusi la kale la watani hao, kwamba kinachomkosesha usingizi ni kunde, maana tangu lini Traoré akaacha sufuria ya kunde ikiwa na kitu? Aliposimama mlangoni, macho mekundu, akiapa kwamba ataitupa mtoni, watoto walimpigia makofi. Maskini ya Mungu, alisema kweli miezi yote hiyo, na kila mara alisifiwa kwa kuchekesha.

Mpaka asubuhi moja ya mwezi wa pili. Tenin alimrushia tusi la siku, na Zoumana, aliyekuwa ameketi kizingitini na viatu vya kazi bado miguuni, hakujibu. Tenin akarudia, akaongeza na kunde. Zoumana akaendelea kutazama viatu vyake.

"Hapo nilishtuka," anasema. "Traoré akose la kumjibu Koné? Nikajua kuna msiba."

Aliweka beseni chini akaketi karibu naye. Zoumana akamweleza, bila kumtazama, kwamba meneja amemkuta amesinzia lindoni kwa mara ya pili. Akimkuta tena, kazi hana, na itambidi arudi kijijini na mkewe na kichanga chao.

"Kwa nini hukuniambia, kaka?" Tenin aliuliza.

"Nimekuambia kila siku."

Siku hiyo Tenin hakuuza kitu. Aliivuta friza ikiwa inawaka, akapita nyuma yake akiigusa hapa na pale. Alipoukandamiza kwa kitambaa mrija mwembamba uliokuwa ukigonga bati, nusu ya kelele ilikoma. Akachomoa umeme, akagawa barafu yote kwa majirani, akasubiri kompresa ipoe. Alipofungua nati zake, mipira ilikuwa migumu kama kuni. Akakata mingine kutoka mpira wa ndani wa tairi la pikipiki, akaibadilisha mmoja mmoja ili mirija isivutike, akauvisha ule mrija kipande cha mpira huohuo. Mwisho akaihamishia friza ukuta wa mbali, akasawazisha miguu yake kwa vipande vya ndala.

Alipochomeka umeme, iliguna kidogo tu, ikatulia katika mngurumo wake. Baada ya muda, kutoka ng'ambo ya ukuta, ukaja mkoromo wa Zoumana, mzito, wa mtu aliyezama.

"Nililia," Tenin anasema. "Nililia kwa furaha, halafu nikamlilia baba. Nilijua treni haiji tena."

Siku hizi anachelewa kupata usingizi. Hulala chali akisikiliza nyumba ilivyo pana, na wapangaji wakipumua vyumbani mwao. Haichukii hali hiyo, anasema, ila bado hajaizoea.

Zoumana bado ni mlinzi. Nilipomuuliza kuhusu ufundi wa jirani yake, alijibu kwamba Koné hajatengeneza kitu, friza imenyamaza kwa uzee kama mwenyewe. Tenin alimtazama vizuri usoni kwanza, akahakikisha kwamba ni utani, ndipo akacheka.

Kabla ya Ramadhani ijayo anataka kununua friza ya pili, kubwa zaidi, na tayari amechagua wa kufuatana naye dukani.

"Nakwenda na Zoumana," anasema. "Wataichomeka umeme, nitamwekea kiti kando yake. Akisinzia, naibeba."