Mkanda wa Miguu Minne

Pale gatini walimwita Bi Kapi kwa sababu ya makapi, vile vigurudumu vya kupitishia kamba, yaliyogongana mfukoni mwake kila alipotembea. Alikuwa fundi wa kamba na milingoti. Siku hiyo alijikokota. Dada yake mgonjwa alikuwa amekesha akikohoa, na yeye usingizi aliuiba tu, akiwa amekaa kitini.

Kazi ilikuwa kwenye chombo cha tanga cha wazee wawili, mume na mke, walioishi humo humo wakizunguka bandari moja hadi nyingine. Walitaka njia ya kupandisha sitahani kimashua chao cha mpira, cha kuendea ufukoni. Zamani mzee alikivuta kwa mikono. Sasa bega lake moja lilikuwa limegoma.

"Mwanangu, nifungie kitu cha kunisaidia kidogo tu," mzee alisema. "Nguvu ninazo."

Aliposhuka ndani kutafuta miwani, mkewe akanong'ona, "Fundi, kifunge nikiweze mimi peke yangu."

Kichwa cha mzee kikachomoza mlangoni. "Unanizika mzima mzima, mke wangu?"

"Nakupumzisha."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Bi Kapi akainamia kamba zake akijifanya kiziwi. Kama ni kuchoka, yeye alikuwa amechoka kwa niaba ya wote watatu.

Akafunga mkanda wa miguu minne, kamba nne zinazokutana juu, kwenye pete za kimashua, akauunganisha na kamba iliyoshuka kutoka juu ya mlingoti. Katikati akaweka makapi, kamba ikapita na kurudi, ili uzito ugawanyike. Akavuta. Kimashua kikatoka majini kitako chini, pua juu, na maji yote yaliyokuwa ndani yakammwagikia kifuani mzee, aliyekuwa amerudi na kuinama ukingoni.

Injini nzito ya kimashua ilikuwa nyuma, naye alikuwa ameifunga miguu yote ya mkanda kwa urefu sawa. Kosa la mwanagenzi!

"Nisamehe, mzee," akasema, na machozi yakamlenga.

Mzee, kalowa chapachapa, akaangua kicheko. "Kumbe hata wenye mabega mazima wanachoka! Kaa, mwanangu." Akamsogezea ndoo iliyopinduliwa, akaitandikia kitambaa.

Bi Kapi akafupisha miguu ya nyuma ya mkanda pale pale alipoketi, mzee akimshikia ncha kwa mkono wa kushoto. Kisha mke wa mzee akavuta peke yake. Kimashua kikapanda kimelala sawa, mzee akikisukuma kisigonge ubavu wa chombo, kikatua sitahani.

"Tena," mzee akasema.

Mkewe akakishusha, akakipandisha tena, jasho likimtoka. Mzee akageukia majini.

"Basi. Mimi nitabaki na usukani."

Mkewe akamfuta maji shingoni.

Bi Kapi akasinzia pale pale juu ya ndoo. Wakamlaza kwenye benchi la ndani, viatu miguuni. Alichosikia mwisho ni wale wawili wakibishana kwa sauti ya chini, nani akifunge kile kimashua.